Sayari Iliyopendelewa na Mikeka Iliyochanika

Mwaka jana tulibeba darubini hadi shule moja ya sekondari, tukawapanga wanafunzi foleni ili kila mmoja autazame Mwezi kwa zamu yake. Foleni ilipokwisha, binti mmoja wa kidato cha tatu akanivuta pembeni. "Dada, samahani. Dunia ingesogea hata kidogo kulikaribia Jua, si tungeungua wote? Sasa mnasemaje hakuna aliyeipanga?" Sikumbuki kama nilikuwa nimesema hivyo. Kabla sijafungua mdomo akaongeza la pili, nikajua hilo ndilo hasa lililomleta: "Nikienda kusoma fizikia chuoni, nitalazimika kuacha kusali?"

Nilimjibu kwa haraka na ovyo, maana gari lilikuwa linatusubiri. Makala hii ni jaribio la pili.

Swali lake la kwanza unalijua. Huenda umeshaletewa video hiyo kwenye kundi la WhatsApp la familia: Dunia inazunguka taratibu, muziki wa huzuni, na sauti nzito inasema kwamba tungesogea mita chache tu tungeungua au tungeganda. Tuanze na hilo, maana ni jepesi. Njia ya Dunia kulizunguka Jua si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tuko kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua. Mwanzoni mwa Julai tuko kilomita milioni 152. Yaani kila mwaka tunasogea kilomita milioni 5 kwenda na milioni 5 kurudi, na hakuna anayeungua. Ukiwa Dar es Salaam unaweza kudhani joto la Januari linatokana na ukaribu huo. Lakini Januari hiyohiyo watu wa London wanatetemeka kwa baridi. Kinachotawala misimu ni mwinamo wa mhimili wa Dunia, si umbali wetu na Jua.

Sawa, video imekwisha. Lakini kuishinda video ya WhatsApp si kazi ya kujivunia. Ukitaka kuipima hoja kwa haki, itafute pale ilipo na nguvu zake zote. Hoja ya kwamba Dunia imesanifiwa kwa makusudi ina nguvu zaidi katika kitabu kiitwacho The Privileged Planet, jina ambalo tunaweza kulifasiri kuwa "Sayari Iliyopendelewa". Kilitoka Marekani mwaka 2004, kikatolewa upya mwaka 2024 kuadhimisha miaka 20, na hoja nyingi unazozisikia leo kwenye mihadhara na mahubiri, hata kama msemaji hajui, zimepitia humo.

Kitabu kinasema nini

Waandishi ni wawili: Guillermo Gonzalez, mwanafalaki, na Jay Richards, mwanafalsafa. Gonzalez si mbabaishaji. Mwaka 2001 aliandika pamoja na Donald Brownlee na Peter Ward makala ya kitaalamu kuhusu sehemu za galaksi yetu zinazofaa kwa uhai, na wazo hilo bado linajadiliwa hadi leo. Ward na Brownlee ndio walioandika Rare Earth, kitabu cha mwaka 2000 kinachodai kwamba vijidudu huenda vikawa vingi ulimwenguni, ila viumbe tata kama wanyama ni adimu sana. Zingatia hapo: watu watatu, ushahidi karibu uleule, lakini ni mmoja tu aliyeusukuma hadi kwenye jina la Msanifu.

Kitabu chenyewe hakiishii kusema "Dunia inafaa kwa uhai, basi imepangwa." Kina dai jipya zaidi. Kinasema kwamba mahali panapofaa kuishi ndipo hapohapo panapofaa kufanyia uvumbuzi. Tumepewa nyumba nzuri, na nyumba hiyo ina dirisha zuri la kutazamia ulimwengu. Kwa kuwa hakuna sababu ya kawaida ya vitu hivyo viwili kwenda pamoja, wanasema, basi kuna aliyekusudia tuishi na tugundue.

Kukubali kwamba wazo hili linavutia si dhambi. Nilipolisoma mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini, nikatoka nje kutazama juu.

Kitabu kilizua kelele nyingi. Mwaka 2005 jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, lilijiondoa katika udhamini wa onyesho la filamu iliyotokana nacho, na mwaka 2007 Gonzalez alinyimwa ajira ya kudumu katika Chuo Kikuu cha Iowa State. Wafuasi wake wakasema ni kwa sababu ya imani yake, chuo kikakana. Wapo wanaokipenda kitabu kwa sababu ya ugomvi huo na wapo wanaokichukia kwa sababu hiyohiyo. Sisi tuyaache. Hoja ikiwa mbovu haiponi kwa mwandishi kuonewa, na ikiwa nzuri haiharibiki kwa mwandishi kufukuzwa.

Jua, Mwezi na pete ya Rujewa

Sura ya kwanza inatupeleka India, Oktoba 1995, ambako Gonzalez alikwenda kutazama kupatwa kamili kwa Jua. Hapo ndipo wazo lilipoanzia. Kipenyo cha Jua ni takribani mara 400 ya kile cha Mwezi, na Jua liko mbali nasi takribani mara 400 kuliko Mwezi. Matokeo yake, ukitazama angani, viwili hivyo vinaonekana kuwa na ukubwa mmoja. Mwezi unalifunika Jua sawasawa, kama kifuniko na sufuria yake, na pembeni linabaki taji la Jua, ile gesi nyembamba inayong'aa ambayo kwa kawaida hatuioni.

Na kupatwa huko, wanasema, kumetufundisha mengi. Tarehe 29 Mei 1919 Arthur Eddington alikuwa kisiwani Príncipe, upande wa magharibi wa Afrika, akipiga picha za nyota karibu na Jua lililopatwa. Nyota zilionekana kusogea kidogo kutoka mahali pake, kama Einstein alivyotabiri kwamba mvuto wa Jua hupinda mwanga. Bila Mwezi wa saizi hiyo, jaribio lile lisingefanyika siku ile.

Yote hayo ni kweli. Ila sasa twende Rujewa.

Tarehe 1 Septemba 2016 maelfu ya watu walifika Rujewa, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, kutazama Jua likipatwa. Walichokiona ni pete. Mwezi ulifika katikati ya Jua kabisa, lakini ulifunika takribani asilimia 97 tu ya kipenyo chake, na pembeni ukabaki ukingo mkali wa moto. Taji halikuonekana. Kwa nini? Kwa sababu umbali wa Mwezi nao unabadilika, kutoka kama kilomita 356,500 hadi 406,700, na siku ile ulikuwa mbali mno. Miaka mitatu kabla yake, tarehe 3 Novemba 2013, watu wa Pakwach, kaskazini mwa Uganda, waliona Jua likifunikwa lote. Mwezi uleule, Jua lilelile, ukanda wetu huuhuu: mara kifuniko kinatosha, mara hakitoshi.

Na hili si jambo la nadra. Orodha ya NASA inayohesabu kupatwa kwa Jua katika kipindi cha miaka 5,000, kuanzia mwaka 2000 hivi kabla ya Kristo hadi mwaka 3000, ina kupatwa kamili mara 3,173 na kupatwa kwa pete mara 3,956. Yaani pete ni nyingi kuliko kufunikwa kamili. Kama kifuniko cha sufuria yako kinashindwa mara nyingi kuliko kinavyofaulu, fundi utamsifu?

Tena Mwezi unazidi kuondoka. Vioo vilivyoachwa juu yake na wanaanga wa Apollo kuanzia 1969 vinatuwezesha kupima kwa leza: unatukimbia kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Baada ya takribani miaka milioni 600 hakutakuwa na kupatwa kamili tena. Kwa upande mwingine, mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya mwanadamu, kupatwa kamili kulikuwepo na hakukuwa na yeyote wa kukuandika kwenye daftari. Dinosauri walipata maonyesho mazuri tu.

Na uvumbuzi wenyewe je, ulihitaji kupatwa? Agosti 1868 Mfaransa Jules Janssen alikuwa India akichunguza mwanga wa Jua lililopatwa. Miali aliyoiona ilikuwa mikali kiasi kwamba aliwaza: hii naweza kuiona hata bila kupatwa. Kesho yake asubuhi akajaribu, akaiona. Miezi miwili baadaye Norman Lockyer, Uingereza, alifanya vivyo hivyo bila kusubiri Mwezi, na ule mstari wa njano uliotupatia jina la heli akausoma mchana kweupe. Hata kipimo cha Einstein leo kinafanywa kwa darubini za redio, kwa usahihi mkubwa kuliko wa 1919, bila kungoja Jua lipatwe. Kupatwa kulisaidia, ndiyo. Kusema uvumbuzi ulitegemea hapo ni kuongeza chumvi.

Setilaiti yenye jina letu

Sasa tuje kwenye dai kubwa, kwamba panapofaa kuishi ndipo panapofaa kutazamia. Kuna kisa kinacholijibu dai hili kuliko chote nilichokikuta, na kilitokea katika pwani yetu.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Marekani iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimikwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilibeba setilaiti ya kwanza katika historia kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei pekee. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, kwa hiyo setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani, na vipimo vyake vilisaidia kukifanya kitu kiitwacho Cygnus X-1 kiwe cha kwanza kudhaniwa kwa uzito kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Jiulize: kwa nini walihangaika kuipeleka huko juu? Kwa nini wasingeweka darubini ya eksirei pale Malindi ufukweni, wakanywa madafu huku wakipima?

Kwa sababu angahewa inazuia eksirei. Na ni heri inazuia, maana mionzi hiyo ingetuumiza. Hewa hiyohiyo inayotulinda ndiyo inayotufumba macho. Kilichoifanya Dunia ifae kuishi kiliifanya isifae kutazamia, na ili tuone ilibidi tuipe mgongo ile hewa inayotuweka hai. Ndiyo kusema jina Uhuru lilikaa mahali pake kuliko walivyokusudia walioliweka.

Na si eksirei tu. Mionzi ya gama inazuiwa. Sehemu kubwa ya mionzi ya infraredi inazuiwa na mvuke wa maji, maji yaleyale tunayoyahitaji. Vumbi la galaksi yetu linatukinga tusiuone kwa mwanga wa kawaida moyo wa galaksi yenyewe. Tulianza kujua kilichopo huko pale tu tulipotengeneza vyombo vya mionzi isiyoonekana kwa macho.

Waandishi wanajua kwamba si kila kipimo kinakuwa bora, na jibu lao ni hili: hatudai kila kitu kiwe bora peke yake, tunadai mapatano bora kwa jumla, kama kompyuta mpakato ambayo si nyepesi kuliko zote wala haina nguvu kuliko zote, lakini kwa ujumla imepangika vizuri. Linasikika kama jibu la busara. Tatizo ni kwamba ili useme "bora kwa jumla" lazima uwe na vingine vya kulinganisha navyo, na mizani ya kuvipimia. Kompyuta mpakato unazilinganisha dukani. Dunia wameilinganisha na wapi? Nani ameishi katika mwezi wenye barafu unaozunguka sayari kubwa, akafanya falaki huko kwa miaka 400, akaja kutuambia wao wamekosa nini? Wakipata kinachosaidia, wanasema ni usanifu. Wakipata kinachozuia, wanasema ni mapatano ya usanifu. Hoja ya namna hiyo haiwezi kushindwa, na hoja isiyoweza kushindwa haijashinda chochote.

Unamjua yule jamaa wa mtaani anayebeti. Kila wiki anaweka picha ya mkeka uliotiki: timu nane, zote zimeshinda, pesa imeingia. Ukitazama picha zake tu utasema huyu mtu ana siri. Lakini mikeka iliyochanika haipigi picha. Ukitaka kujua kama ana siri, usihesabu iliyotiki. Mwombe akuletee yote. The Privileged Planet ni albamu ya mikeka iliyotiki, imepangwa vizuri, na kila picha ndani yake ni ya kweli. Pete ya Rujewa na setilaiti ya Malindi ni mikeka iliyochanika.

Mguu na kandambili

Tuache dirisha, turudi kwenye nyumba yenyewe. Hata tukiliondoa dai la uvumbuzi, swali la yule binti linabaki: mbona Dunia inatufaa hivi?

Okota kandambili ambayo mtu ameivaa miaka miwili. Utaona alama ya unyayo wake, kidole gumba kimechimba shimo lake, kisigino kimelala upande. Inamfaa yeye kuliko mtu yeyote duniani. Hutasema kiwanda kiliujua mguu wake. Utasema amevaa sana.

Tunaihesabu oksijeni kama zawadi tuliyoikuta mlangoni. Hatukuikuta. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, na kwa karibu nusu ya muda huo angahewa haikuwa na oksijeni ya kutosha hata kidogo. Iliingia kwa wingi kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, ikitolewa na bakteria waliojifunza kutumia mwanga wa Jua kuyavunja maji. Kwa wengi walioishi wakati huo ilikuwa sumu. Sisi ni wajukuu wa walioizoea. Tabaka la ozoni nalo limetokana na oksijeni hiyohiyo. Uhai umeivaa Dunia hadi ikachukua umbo lake, na Dunia nayo imeukanyaga uhai hadi ukaifuata.

Na joto? Jua la mwanzo lilikuwa hafifu kwa takribani asilimia 30 kuliko la leo, lakini miamba ya kale inaonyesha maji yalikuwa yanatiririka. Mwaka 1981 James Walker, P. B. Hays na James Kasting walieleza jinsi Dunia inavyoweza kujirekebisha. Volkano hutoa hewa ya ukaa. Mvua huiyeyusha hewa hiyo na kuila miamba nayo, na mabaki yake huishia baharini kama chokaa. Joto likizidi, mvua na kuliwa kwa miamba vinaongezeka, hewa ya ukaa inapungua, joto linashuka. Baridi ikizidi, kazi hiyo inapungua, volkano zinaendelea kutoa, joto linapanda. Hakuna anayegeuza kitufe. Ni mvua na mawe tu, na muda mrefu sana. Kwa hiyo usitegemee utaratibu huu utuokoe na joto tunalolisababisha sisi wenyewe karne hii.

Tena utaratibu huo una mipaka. Dunia yenyewe iliwahi kuganda karibu yote, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Zuhura, jirani yetu mwenye ukubwa karibu sawa na wetu, ana nyuzi joto 465 za Selsiasi. Na miaka milioni 252 iliyopita sehemu kubwa kabisa ya viumbe wa baharini walitoweka. Nyumba hii imewafukuza wapangaji wengi kuliko iliowabakiza.

Ukiendelea kusoma utakutana na hesabu za kuzidisha: nafasi ya kuwa na Mwezi mkubwa ni moja kwa kumi, ya kuwa na maji moja kwa kumi, ya kuwa na mabamba ya ardhi yanayosogea moja kwa kumi, zidisha, zidisha, mpaka upate namba ya kutisha. Hapo uwe macho. Umekutana Kariakoo na mtu mwenye mwavuli, viatu vyake vina tope, amechelewa, na analalamikia foleni. Kila kimoja moja kwa kumi? Basi huyu ni mtu mmoja kati ya elfu kumi! Hapana bwana, mvua imenyesha. Mambo yenye chanzo kimoja hayazidishwi hivyo, na mambo ya sayari yameshikana: maji, kwa mfano, hulainisha miamba na huenda yanasaidia mabamba kusogea.

Hata vigezo kimoja kimoja havijasimama vizuri. Kitabu kinausifu Mwezi kwa kuutuliza mhimili wa Dunia, na mwaka 2004 hilo lilikuwa jambo la haki kusema. Lakini mwaka 2012 Jack Lissauer na wenzake walionyesha kwa kompyuta kwamba Dunia bila Mwezi isingeyumba sana kama ilivyodhaniwa. Mshtarii, ile sayari wengi tunayoiita Jupita, inasifiwa kama ngao yetu dhidi ya mawe ya angani. Mwaka 2008 Jonathan Horner na Barrie Jones wakaanza kuchapisha matokeo kwamba mambo si mepesi hivyo: mawe mengine Mshtarii inayakinga, mengine inayarusha kwetu.

Hii si mara ya kwanza. Mwaka 1903 Alfred Russel Wallace, yuleyule aliyegundua uchaguzi asilia sambamba na Darwin, aliandika kitabu akidai kwamba Jua liko karibu na kitovu cha ulimwengu wa nyota na kwamba mahali hapo pa pekee panaonyesha kusudi. Alitumia falaki bora ya siku zake. Haikupita miaka 20, Harlow Shapley akaonyesha kwamba tuko mbali na kitovu, pembeni huko. Wallace hakuwa mjinga. Aliijenga hoja yake juu ya ukurasa uliokuwa unakaribia kufunguliwa.

Abiria na kituo

Linabaki jambo moja, na ndilo la msingi. Ukiwauliza abiria waliomo ndani ya daladala, "Je, gari lilifika kituoni?" wote watakwambia ndiyo. Asilimia mia moja! Utahitimisha kwamba usafiri wa jiji hili haukosei. Lakini waliokosa gari bado wako kituoni, na hukuwauliza. Vivyo hivyo, kila anayeuliza "mbona sayari yangu inafaa?" lazima awe kwenye sayari inayofaa. Zisizofaa hazina wa kuuliza.

Kuna jibu zuri kwa hilo, na sitaki kulificha. Mwanafalsafa John Leslie alisema: fikiria umesimamishwa mbele ya kikosi cha wapiga risasi, wote wakafyatua, wote wakakosa. Utaridhika kusema "Bila shaka wamekosa, vinginevyo nisingekuwa hapa kuuliza"? Hapana. Utataka kujua kwa nini.

Ni sahihi. Lakini ona tofauti. Kisa cha Leslie kina nguvu kwa sababu ni mtu mmoja, mara moja. Kama kikosi kingewafyatulia mabilioni ya watu, ungetegemea kuwapo wachache waliokoswa bila makusudi ya yeyote. Kwa sayari, tunajua kwamba ni nyingi. Kitabu kilipotoka, sayari zilizojulikana nje ya mfumo wa Jua zilikuwa mia moja na kitu. Mwaka 2022 zilizothibitishwa zilipita 5,000, na kazi ya darubini ya Kepler inaonyesha kwamba galaksi yetu, yenye nyota zaidi ya bilioni 100, ina sayari angalau nyingi kama nyota zake. Vituo ni vingi, magari ni mengi. Mtu kukuta gari si muujiza.

Swali likihamia kwenye ulimwengu wote, kwa nini kanuni za fizikia zenyewe ziko hivi na si vile, hapo jibu la daladala linapungua nguvu, maana ulimwengu tunaouona ni mmoja tu. Wanafizikia na wanafalsafa bado wanavutana hapo, na sitakudanganya kwamba limekwisha. Ninachosema ni kwamba hilo ni swali lingine. Usikubali mtu akuanzishie na Mwezi na Mshtarii, kisha ukibana akimbilie kwenye kanuni za fizikia.

Basi je, nikisome?

Kisome kama Kiingereza chake hakikusumbui. Maelezo yake ya kupatwa kwa Jua na ya historia ya falaki ni mazuri kuliko ya vitabu vingi vya darasani, na kitakufanya uitazame Dunia kama kitu cha kushangaza, ambacho ndicho hasa ilicho. Ila kila ukurasa unaosema "tazama kinavyofaa" andika pembeni kwa penseli: na kisichofaa kiko wapi?

Na wewe uliyeniuliza pembeni ya darubini, kama unasoma hapa: sikukujibu vizuri siku ile. Hoja ya kitabu hiki kuanguka hakuthibitishi kwamba Mungu hayupo. Kunathibitisha kwamba hoja hii haitoshi, basi. Wako wanafizikia wanaosali na wako wasiosali, na wote wanapima umbali wa Mwezi kwa leza ileile. Kinachonitia wasiwasi ni mtu kukufundisha kuifunga imani yako kwenye saizi ya Mwezi. Mwezi unaondoka, sentimita 3.8 kila mwaka. Asubuhi ile ya Rujewa haukutosha kulifunika Jua. Kama sala zako zinategemea utoshe, utalazimika kila mara kuogopa kipimo kipya, na mtu anayeogopa vipimo hawezi kusoma fizikia kwa raha.

Njoo usome. Fomu ya chuo haina swali la kama unasali.